Fundi Katoa Tena

Nauliza kwa heshima zote: hivi mafundi wetu wanafundishwa kutoa tu, kurudisha wanangoja muhula wa pili?

Corolla yangu ya 1998 imechemsha Kimara, jua la saa saba, mama mkwe kakaa mbele. Muuza miwa kasema gasketi. Bodaboda kasema pampu. Konda wa daladala kaning'inia mlangoni, kapita akinishauri niuze. Tukaivuta hadi kwa fundi, chini ya mwarobaini.

"Mchawi wako thamostati, mzee. Tunaitoa."

"Halafu unaweka nyingine?"

"Ya nini? Hiyo ya nchi za baridi. Dar hii na joto lote hili!"

Nikapandisha suruali, nikakohoa kidogo, nikamweleza kistaarabu: kidude hicho kimeandikwa 82, maana yake maji yakifika nyuzi 82 kinafunguka yaende kwenye rejeta. Ukikitoa, injini haipati joto lake, inabaki kufakamia mafuta. Injini haijui kama iko Dar au Tokyo! Akanisikiliza kwa adabu kubwa, spana inazunguka. "Kweli kabisa, mzee wangu," akasema, akaitosa kwenye kopo la oili chafu.

Nachungulia kopo, namkuta nani? Rilei ya feni yangu, swichi ya kuiwasha na kuizima, aliyoitoa mwezi wa Ramadhani akaunga feni moja kwa moja.

"Mfuniko wa rejeta je, umeutazama?"

"Mfuniko ni mfuniko, mzee."

Hapo ustaarabu ukaniishia. Mfuniko ni mfuniko! Una springi, una mpira, umeandikwa 0.9, kipimo cha presha. Ukibana sawasawa, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mpira ukifa yanachemkia mia palepale, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba, na kurudi hayarudi. Nikaufungua wangu. Mpira hakuna! Katoa nani? Msaidizi wake kageukia mwarobaini, anahesabu majani.

"Ulikuwa unabana sana, mzee."

Unabana! Si ndiyo kazi yake, kubana? Nilifoka mpaka mama lishe akapunguza redio.

Sijasema bado kuhusu betri, ambayo terminali yake imeshikiliwa na msumari. Wala honi, inayolia nikikata kushoto. Trafiki wa njia panda siku hizi ananipungia mkono.

Na mama mkwe? Katulia kwenye kiti anatafuna miwa, ananisimulia gari la mwanyumba wangu, "linaongea." Linaongea, ndiyo! Kijapani! Kila asubuhi linalalamika kwamba hajaingiza kadi ya kulipia barabara za Japani, na yeye, akidhani anasalimiwa, analiitikia. Mtu huyohuyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi ya shemeji yetu, na kwenye daftari la michango kaniandikia laki tatu bila kuniuliza, mbele ya jina lake kaandika "nguvu kazi".