Anayesugua masufuria msibani

Binamu yangu ana namna yake ya kuhudhuria msiba. Hufika alfajiri, akabeba viti na kufunga turubai, kisha akajipeleka nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya pilau. Atasugua ukoko kwa majivu mpaka bati ling'ae. Kwenye mkeka wa wanaume haji. Magharibi ikiingia ameshaondoka, hakuaga mtu. Ni fundi redio, ana miaka 41, hajaoa, hana rafiki wa kumbishia hodi. Mwaka juzi sonona ilipomlaza wiki kadhaa, mwanasaikolojia alimweleza kuwa nyuma ya sonona hiyo kuna kitu kinachoitwa haiba ya skizoidi, yaani tabia ya kudumu ya kujitenga na watu.

Wazee wakaitisha kikao. Mjomba akatoa hukumu yake ya siku zote: "Mkataa wengi ni mchawi. Mwozesheni, atakaa sawa." Naandika kwa sababu sikukubaliana naye, ingawa hofu iliyomsukuma Mjomba naielewa.

Kwanza jina lenyewe linaponza watu. Linafanana na skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili, na majina yote mawili yalitoka kwa daktari mmoja wa Zürich, Eugen Bleuler, mwanzoni mwa karne iliyopita. Lakini mwenye haiba hii hasikii sauti wala haoni visivyokuwepo. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, unataja dalili 7, na zikitimia 4 zinatosha: hataki ukaribu wala haufurahii, huchagua shughuli za peke yake, ni vichache vinavyompa raha, na kadhalika. Dalili ninayoirudia kila mara ni ile ya sifa na lawama. Mwongozo unasema mtu huyu *huonekana* hajali. Huonekana, kwa nani? Kwa sisi tulioketi mkekani.

Mwaka 1921 daktari wa akili Mjerumani, Ernst Kretschmer, alishaeleza kuwa ubaridi wa nje unaweza kufunika moyo mwepesi mno kuumia. Mwaka 1940 daktari Ronald Fairbairn wa Edinburgh akaenda mbali zaidi: wengine hujiweka mbali kwa kuogopa kwamba upendo wao wenyewe utamdhuru wanayempenda. Kisha mwaka 1980 DSM-III, toleo la awali la ule mwongozo wa Marekani, ikagawa kundi hili. Wanaotamani watu lakini wanaogopa kukataliwa wakapewa jina lao, na kwenye skizoidi wakabaki wale wanaosemekana hawatamani kabisa. Kwa maoni yangu mgawanyo huo ulimpunja binamu yangu. Nusu ya ndani ilikatwa, akaachiwa ganda.

Na hapo kuna takwimu inayoninyima usingizi. Uchunguzi mkubwa wa kaya nchini Marekani wa mwaka 2001 hadi 2002 ulikadiria kuwa asilimia 3.1 ya watu wazima wana haiba hii, na mwingine wa karibu kipindi hicho ukakadiria 4.9. Hata ile ndogo ni karibu mtu 1 katika kila 32. Lakini kliniki huwaona kwa nadra. Wako wapi? Wako makwao, wanatengeneza redio. Wanaomfikia daktari mara nyingi wameangushwa na sonona au wameburutwa na ndugu, na hao ndio wanaomfundisha daktari mtu wa namna hii yukoje. Ni sawa na kuijua bahari kwa samaki wa mnadani.

Upande wa Mjomba una hoja nzito mbili. Kijana aliyekuwa mchangamfu, ghafla akajifungia, akaacha kuoga, akaanza kushuku kila mtu, huyo asiachwe kwa kisingizio kuwa ndivyo alivyo. Huenda ni skizofrenia inaanza, na kila mwezi wa kungoja humgharimu. Pia anayeishi peke yake anaweza kuugua siku nyingi bila mtu kujua.

Ila ndoa haitibu hili, na dawa mahususi hakuna. Dawa hutolewa kwa kilichoambatana nalo, kama sonona. Kinachobaki ni mazungumzo ya polepole na mtu anayevumilia ukimya, asiyeulizauliza ovyo, anayeanza na lengo la mgonjwa mwenyewe: usingizi, kazi, au ndugu mmoja tu. Kikundi cha tiba kinaweza kumfaa akikitaka. Akisukumwa humo, anaweza kuacha tiba nzima. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, liliacha majina haya ya haiba. Swali la kwanza sasa ni tatizo linamwathiri mtu kiasi gani, na kujiweka mbali kumebaki kuwa sifa moja inayoelezwa pembeni. Swali hilo hatukumuuliza binamu yangu pale kikaoni. Tulimwambia tu tunachotaka.

Nilimuuliza mimi baadaye, kibandani kwake, naye ameinamia redio na chuma cha kulehemu mkononi. Alinyamaza mpaka moshi wa risasi ukaisha. "Usiku ndio mzito," alisema. "Nyie wengine mko sawa hukohuko mliko."

Tukakubaliana kwamba kila Ijumaa usiku nitamtumia ujumbe, naye atajibu neno moja, asiulizwe zaidi. Asipojibu hadi asubuhi, nakwenda. Ijumaa iliyopita aliandika "Salama", na dakika chache baadaye, bila kuulizwa, akaongeza: "Redio ya Mjomba imepona, aje aichukue."