Kuku wa bosi

Mi nafanya kazi duka la spea za baiskeli hapa Tanga, bosi wangu mzee wa Kihindi, Banyani, kazaliwa hapahapa na Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Nyama hali, samaki hali, nikajua basi yameisha hapo. Idi iliyopita jioni akaja kwetu Ngamiani kutusalimia, mama kamtengea sahani zake mbali kabisa na pilau: bajia za dengu, viazi vya ukwaju na mkate wa kumimina. Mkate kaula huo, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akauliza dada mbona laini hivi? Mama kwa raha zake, "Siri ute wa yai kaka, manne mazima humo!"

Mzee akaacha kutafuna. Shavu limetuna, hatemi hamezi, anatuangalia tu.

Akatoka uani kusukutua, vikombe vinne vya maji nilihesabu. Aliporudi mi nikajifanya msomi, mzee usiwaze, Uingereza huko wala mboga kibao wanakula mayai, yai si nyama. Akanijibu kwa upole tu, kwetu maziwa sawa, samli sawa, yai hapana, hata India biskuti yenye yai haiwekwi ile alama ya kijani ya chakula cha mboga. Ningenyamaza hapo ningekuwa na akili. Nikaendelea, kuku anataga hata kama hajaona jogoo tangu azaliwe, na yai la hivyo hata ulilalie wewe mwezi mzima halitoi kifaranga, haya ya dukani ndo hayohayo. Watoto wote kimya wananisikiliza, mori ukanipanda, nikaenda jikoni gizani nikachukua yai la kwanza nililoligusa kwenye kikapu, nikazima taa ya sebuleni, nikalipachika juu ya tochi ya simu. Haya mzee ona, maji matupu.

Mishipa myekundu imetanda kila upande kama mizizi, katikati kidude cheusi kinachezacheza.

"Na hayo yanayocheza ndo maji?" mzee akauliza.

Mara sauti ya mama toka jikoni, "Nani kagusa kikapu cha kuku wangu anayelalia? Siku ya saba leo jamani!" Kumbe kuku mwenyewe katoka mara moja kula, nami ndo nikapitia hapohapo.

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, akasema lirudisheni, huyo wangu, nimemjua kabla hajazaliwa. Basi kila asubuhi geti halijafunguliwa ananiuliza kuku wangu vipi. Siku ya 21 akatoka, tukamfunga uzi mguuni, na bahati yangu ilivyo akakua jogoo. Sasa ana miezi minane, kanenepa, anawika saa tisa usiku, mama akimwangalia anaona mchuzi wa nazi, na hachinjiki maana kila Jumatatu bosi ananikabidhi nusu kilo ya mtama nimpelekee.