Kizibe Masikio, Kisifunge Mdomo

Ujerumani, mafundi wanaokarabati barabara kuu huegesha nyuma yao trela yenye ubao wa mishale inayowaka. Baadhi ya trela hizo zina redio ndogo ya masafa ya gigahezi 5.9 inayoyaonya magari moja kwa moja: mbele kuna ujenzi, njia imefungwa. Volkswagen Golf ya kizazi cha nane, iliyotoka mwishoni mwa 2019, hupokea onyo hilo bila kupitia mtandao wa simu. Naipenda sana kazi hii ya kuyaonya magari, ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kuokoa umeme kwa kuzima redio za kando ya barabara kila magari yanapopungua.

Shida ya umeme ni ya kweli, maana redio inategemea betri na sola. Kifaa cha wati 10 kinakula wati-saa 240 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200 hivi, na ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Hapo una siku mbili na nusu bila jua. Desemba ya Ujerumani, mawingu yanaweza kutanda zaidi ya siku hizo, na sola haitakuokoa.

Lakini magari hupungua lini? Saa nane usiku, dereva akiwa amechoka na barabara ikimshawishi akanyage mafuta. Kwenye hesabu za wastani, gari hilo moja halionekani kabisa. Likienda kilomita 100 kwa saa, linakata karibu mita 28 kila sekunde. Likianza kusikia redio likiwa mita 300, limebakiwa na sekunde 11 tu kufika kwenye trela. Redio ikiwa imelala sekunde tatu za mwanzo, mita 80 na ushei zimeshapotea.

Na chaji yenyewe haiishii pale watu wanapodhani. Onyo la baiti 300, likirushwa kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, humalizika ndani ya milisekunde 0.4. Hata ukilirusha mara 10 kila sekunde, redio imesema kwa milisekunde 4 tu. Muda wote uliobaki inasikiliza, na kusikiliza nako kunakula umeme, hata kama hakuna anayeongea.

Basi trela ya onyo izibe masikio, isifunge mdomo. Izime kipokezi katikati ya onyo moja na jingine, iamke kidogo kuhakikisha hakuna mwingine anayerusha kwenye masafa hayo, irushe, ilale tena. Mambo ya ramani na masasisho ya programu yasubiri hadi jua litoke. Hakuna anayeumia kwa ramani iliyochelewa.

Mamlaka zinazonunua vifaa hivi zisikubali kuletewa wastani wa ucheleweshaji wa onyo. Zidai ucheleweshaji mrefu kuliko wote, uliopimwa usiku, betri ikiwa imebaki robo.