Hitilafu Isiyokuwamo Kwenye Kompyuta

Kiwandani kwetu Dar es Salaam wakubwa waliamua kutupima mafundi umeme kwa ubao wa mazoezi. Ubao wenyewe usipime: kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), taima, fyuzi, ovaloadi ya kukinga mota isizidiwe, na kijimota cha kuzungusha. Nyuma kuna kisanduku chenye kufuli, humo ndimo zilimo swichi za kutegea ubovu. Injinia, kijana wa juzi, anabonyeza kompyuta, ubao unaugua, wewe unapewa dakika 20 uutibu. Ukibadilisha kifaa bila kupima, pointi zinakatwa. Hapo ndipo mafundi wa kubahatisha wanapoanikwa juani, na mtindo huo mimi naupenda sana.

Wa kwanza alikuta kontakta haivuti. Akapima A1 na A2, ncha zinazoipa umeme, hakuna kitu. Akarudi nyuma hadi kwenye ovaloadi: namba 95, umeme unakoingilia, ina volti 24; namba 96, unakotokea, kavu. Kaupata. Makofi.

Akaingia Mzee, fundi aliyekikuta kiwanda kikiwa shimo la msingi. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akapima fyuzi, sifuri. Akapima umeme unaoingia, sifuri.

"Injinia, hapa hakuna umeme."

Injinia akacheka, kikombe mkononi. "Mzee wangu, hilo halimo kwenye orodha."

"Na hii taa ya kijani mbona imezima?"

"Hiyo imeungua. Labda na mita yako mbovu."

Lo! Hapo alimgusa pabaya. Mzee akavuka chumba mpaka soketi ya ukuta wa pili, akapima: 230. Akarudi ubaoni, akapima: sifuri. Sisi tuliokaa benchi tukashikwa na kikohozi cha ghafla.

"Kompyuta inasema ubovu uko kwenye kitufe cha kuzimia," Injinia akang'ang'ania, akipuliza chai. "Muda unakwisha, Mzee."

Mzee hakubisha. Akashika waya wa ubao, akaufuata kwa vidole polepole, akapiga magoti, akapita chini ya meza, akatokea nyuma ya kabati. Pulagi ya ubao ilikuwa imelala sakafuni. Kwenye soketi yake limechomekwa birika la umeme, na mama wa chai kasimama pembeni na kopo la sukari.

"Si mwenyewe kasema anataka ya moto, tena haraka?" mama akajitetea kabla hajaulizwa.

Mzee akainuka, akajipangusa magoti.

"Injinia, ubovu nimeuona. Unaunywa."