Mkaa Ambao Haujachomwa

Likizo ya mwaka wa pili nilipata kibarua kwenye uchimbaji wa mambo ya kale, upande wa Kilwa. Nilibeba karai, nikachekecha udongo, na nikakabidhiwa mkaa uliotoka kwenye jiko la kale, umefungwa kwenye foili ndani ya kopo la biskuti. Kwa vigae vilivyokuwa karibu nalo, Profesa alilikadiria jiko lile karne ya 12.

Jioni nikaingia na kopo langu jikoni, njaa imenishika. Bimkubwa, mpishi wetu, alikuwa anachoma mihogo. Nikajikwaa kwenye gunia lake. Kopo huko, foili huko, mkaa wa mababu na wa sokoni ukawa mchanganyiko mmoja. Nikapiga magoti, kurunzi mdomoni, naokota.

"Mjukuu wangu, watafuta nini?"

"Mkaa, Bibi."

Akalitazama gunia, akanitazama mimi, akageuza muhogo.

Nikachagua vilivyoonekana vizee vizee, nikafunga, nikanyamaza.

Majibu ya maabara iliyopima umri wa mkaa yalitufikia msimu uliofuata. Profesa alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. Mti ukiwa hai huvuta kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, kutoka hewani; ukishakufa hauongezi tena, na kila miaka 5,730 nusu ya iliyopo hutoweka. Kwa hiyo mkaa wa kale huwa na pungufu. Wetu ulikuwa na ziada! Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliijaza hewa kaboni-14, na miti iliyoota baadaye imeinywa. Maabara nayo huhesabu kurudi nyuma kuanzia 1950. Kwa hesabu hiyo, jiko letu la karne ya 12 lilikuwa bado halijawashwa.

Nikakiri. Kisha, mdomo wangu huu, nikajitetea: "Lakini Profesa, tukienda kwa umri wa atomi, karibu kaboni yote ya mkaa ule na huu ilipikwa ndani ya nyota kabla jua halijakuwepo. Tofauti ya miaka 900 ni nini?"

"Vizuri," akasema. "Na posho yako iko hukohuko, inapikwa."

Bimkubwa alikuwa kimya muda wote, anapeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Kumbe! Nikasema mihogo ya siku ile mbona haiivi."