Shikamoo ya Pili

Choo chetu cha wageni hapa Pasua, Moshi, kina upana wa sentimita 90 na urefu wa 150. Nadhani aliyekijenga alianza kujenga kabati, akaghairi katikati. Miaka yote kilikuwa cha kuchuchumaa na hakuna aliyelalamika, mpaka baba mkwe wa Kibosho alipoanza kuumwa magoti, halafu akatuma salamu kwamba Krismasi atakuwa kwetu siku nne.

Tukaamua kuweka cha kukaa. Bajeti laki nne. Marumaru tulitumia yaliyobaki sebuleni, na yalipoisha fundi akamalizia na ya jikoni, kwa hiyo ukiingia mguu mmoja uko sebuleni, mwingine jikoni. Beseni la kunawia tuliliacha dukani. Choo chenyewe cha kukaa, cheupe kama jino la mtoto, kilitoka ukutani sentimita 70.

"Mzee, mlango tuugeuze ufungukie nje," fundi akasema. "Elfu sitini tu, na fremu."

"Ulikuwa unafunguka vizuri siku zote."

Ni kweli ulikuwa unafunguka. Ulikuwa unapita juu ya tundu la kuchuchumaa bila kugusa kitu! Sasa mlango una sentimita 70, choo 70, na chumba ni 150. Hesabu ya darasa la tatu, lakini mimi akili yote ilikuwa kwenye ile elfu sitini. Mama watoto aliuliza kama tumepima pamoja na mlango. Nikamjibu kwamba mlango haukai chooni.

Fundi alijaribu: akaingia, akafunga, akatoka. Ila fundi wangu ni ufito. Baba mkwe ni gunia la mahindi lililovaa koti.

Tarehe 24 akafika, shikamoo, marahaba, akanyooka moja kwa moja kwenda kukizindua. Dakika tano. Kumi. Nikasogea mlangoni, na kwa kukosa la kusema, nikasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba," ikatoka sauti nzito. "Mlango."

Aliingia kwa kupanua miguu juu ya choo kama anapanda punda, akausukuma mlango ukapita tumboni kwa shida. Kutoka ilibidi arudie yote hayo kinyumenyume, na magoti yakagoma. Kila nikisukuma, kitasa kilimchoma tumboni. Nikaacha. Kumsukuma mkwe chooni ni jambo ambalo hata wazee wa ukoo wangekosa faini yake.

Nikampigia fundi. "Toeni pini za bawaba," akasema.

Mlango unaofungukia ndani, bawaba zake ziko ndani. Pamoja na baba.

Basi nikasimama koridoni namwelekeza mzazi wa mke wangu namna ya kubomoa nyumba yangu kwa mkongojo wake. Ko! Ko! Ko! Watoto wakawa wanahesabu. Pini ya tatu ilipodondoka, tukaugeuza mlango ubavu, tukautoa nje, na baba akatokea na chokaa begani, akanikabidhi pini zote tatu mkononi kama chenji.

Hakusema neno. Alikaa mezani, akala mtori bakuli mbili, akaongeza maziwa mgando. Mama watoto alikuwa ameshatundika kitenge pale mlango ulipokuwa. Kwenye saa kumi hivi nikamwona baba anakitazama kile kitenge, kisha ananitazama mimi. Nikainuka, nikaenda kuongeza sauti ya redio.