Visu sita kwa mwezi

Mwezi uliopita Hajji mmoja mwenye bucha kule Kisenyi alikuja karakanani kwangu, Katwe, hapa Kampala, na kisu alichokifunga kwenye kipande cha gunia. Nilikitambua kabla hajamaliza kukifungua. Nilimfulia miaka saba iliyopita, na siku ile bapa lake lilikuwa pana kama vidole vitatu. Kimenolewa na kunolewa, sasa kimebaki chembamba kama kidole changu cha mwisho.

"Fundi, hiki kimefia kazini," alisema. "Naomba ndugu yake."

Nikamwambia asubiri miezi minane. Hakubisha. Alikiviringisha tena taratibu kwenye gunia lake, kisha akaniuliza, "Na hao walio mbele yangu, wanakata nini?"

Swali hilo halijanitoka kichwani. Walio mbele yake ni watu wa Kampala, Nairobi, wengine Ulaya, na zaidi ya nusu yao hawatakata kitu. Wataweka kisu kwenye sanduku la kioo au kwenye droo yenye kitambaa, watakitoa wageni wakija, watakirudisha. Siwadharau hata kidogo. Hao wakusanyaji wa visu ndio walionifundisha kuona. Kabla yao sikujua kwamba mtu anaweza kuchukua kioo cha kukuzia na kukagua mpini pale shaba inapokutana na pembe, akapata uwazi mwembamba kuliko unywele, akakurudishia kazi. Ada za shule za watoto wangu zimetoka kwao. Lakini naamini mhunzi mdogo anayewaachia foleni yote amewaacha watu waliomfanya awe mhunzi, na nimeona nilivyoanza kufanya hivyo mimi mwenyewe.

Watu huniuliza kwa nini nisitengeneze vingi tu. Katwe si mahali pa uvivu: hapa zinatoka sigiri, milango, mashine za kusaga na za kukaanga bisi, na zinatoka kwa wingi. Kisu ninachofanya mimi huanza na springi ya lori. Naikata, naifua, naipiga tupa, halafu narudisha motoni kwa ajili ya kuikaza, yaani kuifanya ngumu. Hapo ndipo siku inapoliwa. Nina sumaku inayoning'inia kwa waya karibu na moto. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku hukataa kukishika. Naongeza moto kidogo, nakiingiza kwenye mafuta ya vuguvugu, ncha kwanza, bila kuyumbisha mkono. Masikio yangu yote yanakuwa kwenye kopo la mafuta. Ukisikia "ti", sauti ndogo kama ya ukucha ukikatwa, kisu kimepasuka, na siku tatu zimekwenda. Kikitoka salama ni kigumu mno, kikidondoka sakafuni kinaweza kuvunjika, kwa hiyo kinakwenda kwenye oveni ya nyuzi 200 hivi kwa saa mbili, kinapoa, kinarudi tena saa mbili nyingine, mpaka uso uliosuguliwa upate rangi ya majani makavu. Umeme ukikatika katikati, naanza upya.

Pembe nazo zina ukaidi wao. Ya ng'ombe wa Ankole ni kubwa lakini sehemu kubwa ni uwazi mtupu; nyama yake nene iko kuelekea ncha. Ukiitumia kabla haijakauka vizuri itasinyaa na kuachana na chuma baada ya miezi michache, kisu kikiwa tayari mikononi mwa mteja. Zangu zinakaa mwaka mzima juu ya kenchi kabla sijazigusa. Hesabu yote hiyo inanipa visu sita kwa mwezi, mwezi mzuri.

Nimejaribu kuongeza. Niliwahi kumpa fundi mwenzangu kazi ya kukaza, nikagonga alama yangu juu yake. Visu vinne vikarudi makali yamejikunja. Niliona aibu, maana mteja alinunua mkono wangu na mimi nilimuuzia wa mtu mwingine bila kumwambia. Kosa langu lilikuwa kuficha. Kule Sakai, Japani, kisu kimoja hupita kwa mhunzi, kikaenda kwa mnoaji, kikaishia kwa mtia mpini, na kila mmoja ni bingwa wa sehemu yake. Hakuna anayelalamika kwa kuwa kila mtu anajua. Kwa hiyo siku hizi vijana wangu wawili wanasugua na kutia mipini, nami nasema hivyo kwa kila anayeagiza. Moto na makali ya mwisho ni vyangu.

Lililoniumiza zaidi ni malipo ya awali. Mwaka mmoja nilipokea nusu ya bei kutoka kwa watu kumi na wanne. Pesa zikaingia kwenye ada na kwenye paa la karakana. Kisha nikatumia karibu miezi mitatu nikifua visu vilivyokwisha kuliwa. Asubuhi naamka, nagonga chuma, jioni sina hata nauli ya boda, na simu haikomi: "Fundi, changu kimefika wapi?" Kazi ya namna hiyo huharakishwa, na kisu kilichoharakishwa hujitangaza. Tangu hapo sichukui senti mpaka kisu kiwe tayari mezani. Mteja akiona hakimfai, aondoke kwa amani, kuna mwingine nyuma yake. Namshauri kila fundi mdogo afanye hivyo, hasa yule ambaye foleni yake imeanza kurefuka na anaona hizo pesa kama baraka.

Kuna na hii tabia ya kugonga namba kwenye bapa, "3 kati ya 10", wakati fundi ana chuma na nguvu za kufanya cha kumi na moja. Siikubali. Visu vyangu ni vichache kwa kuwa mikono ni miwili. Nikianza kuvifanya vichache ili bei ipande, namdanganya mkusanyaji na kumnyima mpishi kwa pigo moja. Kungoja kwenyewe si aibu. Karakana ya visu ya Randall huko Orlando, Florida, inafua tangu miaka ya 1930 na watu bado wanangoja miaka. Nacho chama cha wahunzi wa visu cha Marekani, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, hakimpi mtu cheo kwa uzuri wa mpini pekee: kisu chake cha mtihani lazima kikate kamba inayoning'inia, kikate ubao, kibaki na makali ya kunyoa nywele, halafu kibanwe kwenye jiriwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika. Yaani hata ile kazi ambayo wakusanyaji huigombania imepimwa kwanza kama kifaa.

Baada ya Hajji kuondoka niligawa foleni. Katika kila visu sita, viwili ni vya watu wa kazi: wauza nyama, wapishi, watengeneza viatu. Mipini yao ni ya mti wa kawaida, bei yao haipandi kwa sababu kuna mtu Nairobi aliye tayari kulipa mara nne. Vinne vinabaki kwa wakusanyaji, kwa zamu, na hapo bei nimeipandisha bila kuona haya, kwani muda wa pembe na shaba wanaujua na wanautaka.

Si wote waliofurahi. Afande mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi na mtu ninayemheshimu sana, alinipigia.

"Umenirudisha nyuma kwa ajili ya muuza nyama?"

"Ndiyo, afande. Miezi miwili."

Akanyamaza. Kisha akaniuliza huyo muuza nyama yuko mtaa gani. Wiki iliyofuata nikasikia amekwenda Kisenyi, amenunua kilo mbili za nyama, na ameomba kuona kile kisu chembamba. Hajji alikataa kukiuza.

Cha kwake kipya nimekikaza juzi. Hakikulia kwenye mafuta. Kesho natia mpini, Alhamisi atakuja kukichukua, na ameniahidi kuja na mfupa wa kukijaribia.